Kiganja Juu ya Kikombe

Jirani yetu wa ghorofa ya juu hapa mjini Hopkins, ughaibuni, ndiye anayeitwa pale Watanzania wanapogombana majumbani mwao. Hufika na sare yake ya hospitali, huvua viatu, huketi karibu na mlango, na akikaribishwa chai hufunika kikombe kwa kiganja. "Nikinywa kwako nitaanza kukuonea huruma wewe," husema, "na kazi imeharibika." Alipokwenda kuwasuluhisha kaka yake na mkewe, alianza kwa kumkaripia kaka yake mbele ya wote, bila kumung'unya maneno.

Habari za Gaza huja kuzitazama kwetu, maana kwake hana televisheni. Kwa miaka miwili, kila yalipotajwa mazungumzo ya Doha au Cairo, swali lake lilikuwa moja: "Kila rafiki ameshamkaripia rafiki yake?" Nikimwambia marafiki wa pande zote mbili wametoa taarifa tu, alisonya, kiganja palepale juu ya kikombe. Kisha ikaja asubuhi ile ya Oktoba, vita vikiwa vimesimamishwa. Mateka wa Kiisraeli walikumbatiwa na mama zao. Wafungwa wa Kipalestina walishuka kwenye mabasi Ramallah, nao wakakumbatiwa na mama zao. Hakusonya. Alipangusa macho kwa mkono wa sare.

"Bado hawajapatana, Elinaja," aliniambia. "Lakini hata kwa kaka tulianzia hapa, kwa kuacha kupigana."

Akaondoa kiganja.

"Nimiminie. Ila usijaze."