Nuala katika Karatasi ya Sheikh

Nilimwahidi mama yangu kwamba jina la mdogo wangu halitapotea mbele ya watu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi, nimepiga magoti kando ya godoro lake katika chumba kilichonukia ubani na mafuta ya karafuu, naye alikuwa bado ndani ya arobaini yake ya uzazi. Aliushika mkono wangu kwa nguvu ambazo sikuzitarajia kwa mtu aliyekuwa dhaifu kiasi kile. "Mimi huko barazani kwa sheikh siwezi kwenda," aliniambia. "Wewe utakuwepo. Nadhiri ni yangu, lakini mdomo utakuwa wako." Nikamjibu ndiyo, pasi na kufikiri kwamba nilikuwa nimekubali kumpinga baba.

Tulifika Maskati kutoka Unguja mwaka 1964, tukapanga vyumba viwili katika vichochoro vya Matrah. Katika miaka miwili iliyofuata mama alizaa mara mbili, na mara zote mbili mtoto hakuiona siku ya tatu. Aliposhikwa na uchungu tena, Bibi, yaani mama yake, alimpeleka hospitali. Aliyempokea alikuwa mkunga kutoka Ayalandi, mwanamke mrefu mwenye madoadoa usoni na viatu vya kiume, ambaye Kiarabu chake kilikuwa kibovu kama chetu. Mtoto alitoka kimya. Mama alitusimulia baadaye kwamba mkunga yule alimpulizia mtoto pumzi kwa kinywa chake mwenyewe, akaendelea hata wauguzi wengine walipokwisha kuinamisha vichwa. Hapo ndipo mama alipoweka nadhiri: mtoto huyu akilia, atajulikana mbele za watu kwa jina litakalotoka kwa mwanamke huyu. Mtoto akalia.

Mkunga alipoambiwa habari hiyo alitikisa kichwa. Jina lake mwenyewe hakutaka kulitoa. Alisema ni la mtakatifu wa kanisani kwao na lingetuletea taabu. Badala yake aliandika majina matatu juu ya bahasha ya dawa, la mama yake na ya shangazi zake wawili, akanipa mimi, kwa kuwa baba alikuwa kazini jangwani na hapakuwa na mwingine nyumbani aliyejua kusoma herufi za Kizungu. Bibi aliyajaribu moja moja akiwa amesimama mlangoni, kama mtu anayemwita mtoto aliyeko uchochoroni. Nikamsomea Deirdre. Alilijaribu mara tatu. "Mpaka nimalize kuliita, mtoto keshatumbukia kisimani. Lete la pili." Nikamsomea Kathleen. "Hilo la kitambaa," alisema. "Nipimie wari mbili za kathlini." Mama alicheka huku amejishika tumbo, akimwomba amhurumie kwa kuwa maumivu hayajamwisha. La tatu lilikuwa Nuala, jina la mama wa mkunga. Bibi aliliita kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kwa sauti ya kumwamsha mtu kwa sala ya alfajiri. "Hili linaitika," alisema, "na linagombezeka. Nnalitaka hili." Siku ya saba tukachinja mbuzi, na mdogo wangu akaitwa Nuala.

Baba, aliyekuwa karani katika kambi ya watafuta mafuta, alirudi siku chache baadaye. Alimpenda mtoto, lakini jina alilihofu. Mwezi ule sheikh wa kabila letu alikuwa ameshuka Matrah kuwaandikia karatasi wale waliotoka Unguja ambao aliwatambua kuwa ni watu wake. Asiye na karatasi hiyo alibaki mgeni, na mgeni aliweza kuambiwa aondoke. Tayari watoto wa mtaani walikuwa wakinifuata wakiniuliza minazi yangu nimeiacha wapi. "Nyumbani mwiteni mpendavyo," baba alimwambia Bibi. "Karatasini ataandikwa Zuwena. Mama, tunaomba tuitwe Waarabu, halafu twende na Mzungu mkononi?" Bibi alimtazama mtoto, akamtazama mkwewe. "Huyu Mzungu ana pua yako," alisema. Baba hakucheka. Ndiyo sababu mama akaniita kando ya godoro.

Baraza lilikuwa limejaa wanaume waliosubiri zamu zao. Sheikh alikuwa mzee mfupi, mchovu, mwenye kikohozi. Aliisoma orodha ya baba polepole mpaka akafika mwisho, akauliza Zuwena ana umri gani. "Siku ishirini," baba alijibu. Nilisikia sauti yangu ikisema kwa Kiarabu changu kilichopinda kwamba haitwi Zuwena. Baba aliniminya goti. Sheikh akauliza anaitwaje, nami nikamwambia, na nikamweleza habari ya mkunga na nadhiri ya mama.

Aliiweka karatasi mapajani. "Umekuja nikushuhudilie babu wa babu yako, ambaye mimi sikumwona," alimwambia baba. "Na mtoto wa siku ishirini, ambaye naweza kuletewa hapa sasa hivi, umemwandika kwa uongo."

"Niliogopa, sheikh," baba alisema. "Wanatuita wageni."

Sheikh alinigeukia, akaniamuru nitaje wazee wangu. Nilitaja watano, nikakwama. "Endelea," alisema. Nikamwambia baada ya hapo sijui. Alikohoa, akaonyesha kwa kidole wale waliokuwa wakisubiri. "Wiki hii nimewasikia watoto waliokaririshwa mpaka kwa Nabii Nuhu. Huyu hajui, na anasema hajui." Akamwambia karani wake alifute jina la Zuwena, aandike Nuala, kisha akagonga muhuri.

Tulipotoka, baba alitangulia, akanigeukia tulipokaribia nyumba. "Umenivua nguo mbele ya watu," alisema. Nikakubali. "Na kama asingegonga muhuri?" Alisimama mbele ya mlango, akavuta pumzi ndefu, na mabega yake yaliyoinuka, ambayo kwa miaka mitatu nilidhani ndivyo yalivyoumbwa, yakashuka. "Ingia wewe ukamwambie mama yako. Mimi nna haya." Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akamweka mtoto pembeni yake, akalala usingizi mzito mpaka adhuhuri ya siku ya pili.

Leo mimi ni mwalimu niliyetoka chuoni hivi karibuni, na Nuala anasoma sekondari karibu na nyumba yetu ya mtaa wa Hail. Wakati ule neno moja la mtoto lingeweza kutukosesha nchi. Sasa hakuna anayetuuliza minazi yetu iko wapi. Jamaa zetu wamo katika wizara na biashara, na hata hivyo nawasikia vijana wenzangu wakimkatia simu mama anayewasalimu kwa Kiswahili mbele ya wakubwa wao wa kazi. Siwalaumu kwa wepesi, kwa maana hofu hiyo niliiona usoni mwa baba, na baba alikuwa mtu mwema. Lakini najua pia jinsi nyumba yetu ilivyopumua siku ile.

Mkunga alirudi kwao kabla ya karatasi kuandikwa, na hatukujua pa kumwandikia. Ewe msomaji, ikiwa unamfahamu mwanamke wa Ayalandi aliyezalisha watu Matrah miaka ile, tafadhali mwambie kwamba mtoto yu hai, na anaitwa Nuala.