Sweta Nililolitia Rangi ya Mikeka

Hapa Mpanda wapo watu mpaka leo wananiita Fundi Damu, na mgeni akisikia jina hilo anadhani nilishawahi kuua mtu, kwa hiyo bora niwaeleze mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, ingawa kuna sehemu nikifika nitaongea haraka haraka kwa sababu bado naona aibu.

Mimi ni fundi pikipiki, nina banda langu jirani na stendi ya mabasi, na huu ni mwaka wa tatu naishi peke yangu. Mama Adelina tuliachana bila ngumi wala polisi, akarudi kwao Sumbawanga na mtoto wetu, Adelina, wakati huo ana miaka kumi. Nilimwahidi mtoto kwamba nitakwenda kumuona mwezi unaofuata. Mwezi unaofuata pikipiki zikawa nyingi, mwingine nikaumwa, mwingine nikaona haya kwenda mikono mitupu, na nyie mnajua haya ilivyo, ukiilea inazaa. Tukabaki watu wa simu. Kila Jumapili ananipigia kwa simu ya mama yake, ananisimulia mambo ya shule, na mimi nasikia sauti yake inavyokua bila mimi (kuna siku nilimwamkia kabisa kwa heshima nikidhani ni bibi yake), na tukimaliza huwa naiacha simu sikioni kidogo, imeshakatika, nasikiliza tu.

Sasa mwezi wa sita akanipigia akasema shule yao imealikwa Mpanda kwenye mbio za kuchangia madawati, watu wazima watakimbia kilomita kumi na watoto kilomita mbili, na yeye amechaguliwa. Nikamjibu kwamba na mimi nitakimbia. Sijui maneno hayo yalitoka wapi, maana tangu nimalize shule mbio zangu zilikuwa za kuwahi mvua tu. Akauliza.

"Utavaa nini, baba, nikujue?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayekwenda kumpokea mgeni stendi. Lakini mimi nilikaa chini kwenye tairi. Nikamwambia nitavaa sweta jekundu, kwa sababu picha pekee aliyonayo ya kwangu tulipiga Karema, ufukweni, asubuhi yenye upepo, nimembeba mgongoni na nimevaa sweta alilonifumia marehemu mama yangu kwa uzi wa sufu. Akasema basi ataangalia sweta.

Yupo mteja wangu mmoja, Mwalimu Sabas, ambaye hukimbia kila asubuhi, nikamuomba ushauri wa mavazi. Akanieleza vizuri kabisa kwamba mwezi wa saba asubuhi hapa kwetu ni baridi kweli, lakini mkimbiaji akivaa kwa ajili ya baridi ya kwenye kuanzia ataiva njiani, kwa hiyo nivae fulana nyepesi, na nikitetemeka kabla ya kuanza nijue nimevaa sawasawa. Nikamshukuru, nikarudi nyumbani, nikafungua sanduku nikatoa sweta.

Lilikuwa limepauka. Wekundu wake ulikuwa umebaki kama wa tofali la zamani. Nikawaza uwanja utakavyojaa, mtoto amesimama anatafuta chekundu, na mimi napita mbele yake na tofali langu. Hapo ndipo nikafanya ule uamuzi mdogo.

Jirani yangu Mama Esperansia, mzaliwa wa Katumba, anasuka mikeka na vikapu anauza sokoni, na ana ungaunga wa rangi ambao ukidondokea mkononi unakaa nao mpaka sikukuu. Akanipa nyekundu. Akanielekeza nichemshe na chumvi, nililaze usiku kucha kwenye maji ya rangi, halafu nisuuze mpaka maji yatoke meupe, hata ikiwa mara kumi, na nisilivae kabla ya wiki. Mimi nilikuwa na siku mbili. Ndoo ya kwanza ya kusuuza ilitoka nyekundu ya kutisha, na nilipoimwaga niliona kama namwaga nafasi ya Adelina kuniona. Ndoo ya pili sikuijaza. Nikalianika, likakauka, likawaka kama pilipili, nikaridhika sana na akili yangu.

Jumamosi asubuhi ilikuwa baridi ya kupuliza viganja. Bodaboda wote walikuwa na makoti mazito, na wakimbiaji wa fulana nyepesi, Mwalimu Sabas akiwa mmojawao, walikuwa wamejikumbatia wanarukaruka. Mimi nimetulia ndani ya sufu, chini nimevaa singlendi na bukta, vyote vyeupe (ndiyo, vyeupe), na nawaangalia kwa huruma. Nikatafuta watoto wa Sumbawanga kwa macho, nikaambiwa walimu wamewakusanya nyuma ya mahema, watakuja kusimama pale pa kumalizia. Nikasema sawa, tutaonana huko.

Kilomita mbili za kwanza nilikimbia kama mtu mwenye akili. Ya tatu jua likatoka. Ya nne sweta likaanza kuwa zito, jasho likaniteremka kama nimesimama chini ya bomba, na wenzangu waliokuwa na majaketi wakayavua wakayafunga kiunoni. Na mimi ningeweza kuvua. Nililishika hata pindo nikalivuta mpaka tumboni, halafu nikakumbuka kwamba nikilivua anayefika pale ni mwanaume yeyote tu wa makamo, naye mtoto ataendelea kuangalia njia. Nikalishusha.

Kilomita ya sita mama mmoja aliyekuwa anauza maandazi aliweka beseni chini, akashika kichwa. Nikampungia mkono, na nilipoupunga mkono ndipo nikauona. Ulikuwa mwekundu mpaka kwenye kucha. Nikaangalia chini nikaona bukta, mapaja, soksi, na kila nilipokanyaga palibaki alama. Mwendesha baiskeli mmoja akanifuata pembeni akiniuliza kwa upole nimegongwa na gari gani. Kwa kuchanganyikiwa nikajifuta uso kwa mkono wa sweta, na baada ya hapo hakuna aliyeniuliza kitu tena, watu walikuwa wananipisha tu.

Gari la huduma ya kwanza lilinikuta kilomita ya nane. Wakashuka manesi wawili, vijana, mmoja akanishika bega.

"Mzee kaa chini. Umeumia wapi?"

"Sijaumia. Hii ni rangi."

"Rangi gani?"

"Ya mikeka."

Wakatazamana kama watu wanaotazamana mgonjwa akianza kuita marehemu wa kwao. Na mimi kwa joto lile kizunguzungu kilikuwa cha kweli, nikakaa kweli, na nilipokaa miguu ikagoma kuniinua. Wakanilaza kwenye machela. Niliwaomba wapite njia nyingine yoyote, wakanijibu kwamba hema lao liko pale pale pa kumalizia.

Kwa hiyo niliingia uwanjani nimelala, king'ora kinalia. Nikasikia muziki umezimwa na mshereheshaji anatangaza kwa kipaza sauti kwamba watu wapishe, kuna mkimbiaji ameumia vibaya, ni mzee mmoja wa sweta jekundu.

Walipofungua mlango nikaona msichana mrefu, mwenye fulana nyeupe ya shule, anasukuma watu huku analia, na nikasema moyoni maskini, huyu naye anamtafuta ndugu yake. Macho yangu yalikuwa yanamtafuta mtoto wa kunifika kiunoni. Yule msichana akafika kwenye machela, akanishika mkono.

"Baba, usife."

Nilimjua kwa neno hilo, siyo kwa sura. Hiyo ndiyo sehemu niliyowaambia nitaongea haraka.

"Sijafa, mama," nikamwambia. "Nimechuja tu."

Nesi akanifuta kifua kwa pamba yenye maji, akatafuta kidonda akakikosa, akafuta tena, akaanza kucheka. Mshereheshaji akaambiwa, na kwa sababu ni mtu anayependa ukweli akautangaza, kwamba ile siyo damu, ni rangi ya mikeka. Uwanja mzima ukacheka. Nikajifunika uso kwa viganja, na viganja ndivyo vilivyokuwa vyekundu zaidi. Adelina peke yake hakucheka. Alinikumbatia akabaki hivyo, na aliponiachia fulana yake ilikuwa na mimi kifuani na mabegani.

Alikimbia mbio zake za kilomita mbili hivyo hivyo, akawa wa kumi na nne. Mwalimu wao akatupa nusu saa. Tulikaa kwenye majani, yeye anaongea, na mimi yote niliyoyapanga kwa miaka mitatu nimeyasahau, namwangalia tu, naitafuta sura ya yule mtoto wa Karema, wakati mwingine naiona akicheka, mara inapotea. Saa sita basi likaondoka.

Kesho yake asubuhi akapiga Mama Adelina mwenyewe, na nikajiandaa kusemwa kwa sababu ya fulana ya shule. Hakunisema. Alisema amemwambia mtoto aivue ifuliwe, hataki, na amelala nayo.

"Njoo umuone mtoto, baba Adelina," akasema. "Usisubiri mbio."

Tangu siku hiyo nimeapa kwamba sufu na mbio sitavichanganya tena, na Mwalimu Sabas akisema fulana ni fulana. Lakini siyo hilo linaloniuma. Basi la Sumbawanga linapiga honi mbele ya banda langu kila asubuhi ya Mungu, na kwa miaka mitatu nilichokuwa nafanya ni kuinua kichwa, kuliangalia likipita, halafu kurudi kwenye spana. Jumamosi hii nimekata tiketi. Nitavaa shati la kawaida, na nikishuka kule sitamtafuta mtoto mfupi.