Torunn, Anayegeuzia Njiani

"Mama, kule juu kuna nini?"

Nilikuwa na miaka sita. Nilikuwa nimekaa kwenye sleji yetu, kigari cha kuvutwa kisicho na magurudumu, nusu ya njia ya kwenda kilele cha mlima Grånuten, soksi zimelowa, na Mama amepiga magoti kwenye theluji akinivua buti. Baba alikuwa ametutangulia, tunamwona mgongo tu. Mama hakunijibu. Alisema, "Lete na mguu huo mwingine," akanivisha soksi kavu za sufu, akageuza sleji, tukarudi kwenye kibanda chetu cha mlimani.

Nilidhani hakunisikia. Ilinichukua miaka kujua kwamba hakuwa na la kujibu. Alikuwa hajawahi kufika.

Mama anaitwa Torunn. Anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee pale mjini kwetu, wiki hii zamu ya asubuhi, wiki ijayo ya jioni. Akirudi hukaa kwanza kwenye ngazi za ndani, koti bado mwilini, kana kwamba kulivua nako kunataka maandalizi. Ukimwuliza kama amechoka atakuambia hapana, miguu tu.

Wiki mbili kabla ya Pasaka linakuja sanduku la sufu. Linazunguka nyumba tatu, ya kwetu na za dada zake wawili, na lina sheria zake: hakuna anayenunua kipya kabla sanduku halijafika mwisho wake, na hakuna anayepeleka mbele nguo yenye tundu. Ndani ya kola mmeshonwa majina. Mtoto akikua, jina lake linapigwa mstari kwa uzi mwekundu na la mwenzake linashonwa chini yake. Sweta langu la kijivu lilikuwa na majina manne kabla ya langu, na wa kwanza siku hizi ana ndevu na mkopo wa nyumba.

Basi Mama anamwaga sanduku sakafuni na kuvalisha watu watano. Nyembamba ya kugusa ngozi, nene juu yake, ya kuzuia upepo nje. Zenye harufu hazifuliwi, zinatundikwa nje kwenye baridi mpaka harufu ichoke. Viwiko vinazibwa, magoti yanazibwa, pindo za mikono zinafumuliwa na kufumwa upya ndefu zaidi. Kazi hii anaifanya baada ya zamu, miwani puani, na usimsemeshe akihesabu mishono.

"Torunn, tunaenda matembezi ya Pasaka tu," Baba humwambia. Baba anaitwa Sigbjørn, na ni mtu wa kuona mambo yote mepesi. "Hatuhamii ncha ya dunia."

"Aliyepanda na suruali ya jinzi mwaka ule ni nani? Akateremka anatembea kama bata?"

"Kulikuwa na jua!"

"Bata naye alisema hivyohivyo."

Ni kweli jua la machipuko mlimani ni laghai. Asubuhi unapanda na skii zako, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, mpaka jasho linatiririka, unataka kuvua kila kitu. Wingu moja likipita, lile jasho linakuwa barafu mgongoni. Ndiyo maana kila mwaka mmoja wetu alipatwa na baridi. Kwanza mimi, halafu mdogo wangu Ragna, halafu Eilif kitinda mimba. Na kila mwaka, kwenye mwamba mkubwa ambapo watu husimama kula machungwa, Mama alishika mtoto mwenye baridi na kugeuza. Baba alikuwa akisema, "Nirudi naye mimi?" Lakini kufikia hapo Mama alikuwa ameshageuka.

Mwaka niliotimiza kumi na tatu, Baba aliapa. "Safari hii unafika kileleni, Torunn. Mtoto akilia narudi naye mimi. Nasema mbele ya mashahidi." Mashahidi tulikuwa mimi na Ragna. Tuliitikia kwa kugonga vijiko mezani. Mama alicheka, na nikaona kwamba alikuwa akitaka kweli. Alikuwa akitaka kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani.

Asubuhi ile alisinzia mezani, paji la uso karibu na kikombe. Alikuwa ametoka kwenye zamu saba mfululizo. Nikanong'ona kwamba Eilif nitamvisha mimi. Eilif alikuwa na miaka mitano, na fulana ya sufu hakuitaka kabisa.

"Inawasha! Kuna sisimizi humu!"

"Shh. Mama amelala."

"SISIMIZI!"

Sasa, kwetu hata mtoto wa chekechea anajua kwamba pamba haipandi mlimani. Ikishika jasho hailiachi. Nilijua. Lakini nilitaka Mama apate dakika tano nyingine. Nikamvisha fulana yake ya pamba yenye picha ya katapila, sufu nikaiweka juu. Nikajiambia nani ataona.

Tulipanda vizuri mno. Eilif hakutaka sleji, alijisukuma mwenyewe na skii zake fupi, mashavu mekundu. Mama alipita ule mwamba. Nakumbuka nilisimama kumtazama, maana sikuwa nimewahi kumwona ameupita mwamba ule, koti lake la buluu linapanda polepole kwenye weupe. Halafu wingu likaja na upepo wake.

Eilif aliacha kujisukuma. Baba alimpa kipande cha chungwa, mtoto akatikisa kichwa. Baba akaingiza mkono mgongoni mwake.

"Amelowa chapachapa! Torunn!"

Mama aligeuka mara moja. Ndani ya dakika chache tulikuwa tumejibanza sote kwenye mfuko mkubwa wa kitambaa tuliobeba wa kujikingia upepo, magoti kwa magoti, na Mama anamvua. Akaifikia ile fulana ya katapila.

"Nani kamvisha?"

"Mimi," nikasema.

Mfuko wa nguo za akiba ulikuwa umebaki kibandani. Baba alidhani Mama ameubeba, Mama alidhani Baba. Kwa hiyo Mama alivua sweta lake, akavua na ile nyembamba ya ngozini, akaikunja mikono mara tatu na kumvisha Eilif. Kisha akarudishia sweta kwenye ngozi tupu.

"Nenda juu," Baba alimwambia. "Mimi nateremka naye. Niliapa."

"Na nini mwilini, Sigbjørn? Nigande huko, mnibebe kama gogo?"

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Jioni nilimwambia nilitaka apumzike tu. Akasema, "Najua. Siku nyingine niamshe. Kuamka nimezoea."

Mwaka huu nina miaka kumi na saba. Sanduku lilipofika nilitangulia kulifungua. Mama alitoka kazini akanikuta sakafuni katikati ya mafungu matano, sindano mdomoni.

"Kuna nini hapa? Tunahama?"

"Kaa, Mama."

Akaokota soksi niliyoiziba. "Oddny mwanangu, hii umeshona au umeifunga jeraha?"

"Itapasha joto. Kaa."

Alikaa. Alitaka kuifumua, nikamnyang'anya. Baada ya muda niliposikia kimya nikageuka, amelala ameketi.

Mlimani nilipitisha vidole kwenye mgongo wa kila mtu. "Ni sufu, Bi Mkaguzi," Eilif alisema. Siku hizi ana miaka tisa na mdomo wa wazee. "Unataka na tiketi?" Kufika mwambani, kiatu kilikuwa kimemchubua kisigino na anachechemea. Nikaona skii za Mama zinaanza kugeuka.

"Mama, hapana. Nabaki naye mimi."

"Nimechoka, Oddny." Alisema taratibu, kama mtu anayetaja saa. "Kweli nakuambia. Kurudi naona rahisi zaidi. Miguu imezoea kugeuzia hapa."

"Basi izoee tena. Nipe mfuko."

Alisimama muda mrefu. Kisha akaukagua mfuko wa nguo za akiba, akanipa, akawafuata Baba na Ragna. Alipanda polepole sana. Nilimfunga Eilif kisigino, nikambadilisha soksi, na kila nikiinua macho koti la buluu lilikuwa dogo zaidi, mpaka likapita ukingo.

Mimi na Eilif tuliteremka kwanza, wao wakarudi kibandani mchana. Mama alijinyoosha kwenye benchi karibu na jiko la kuni, macho amefumba. Nikadhani amelala.

"Uliniuliza kule juu kuna nini," akasema.

"Kumbe ulisikia?"

"Nilisikia." Akavuta blanketi mpaka kidevuni. "Kuna upepo, na rundo la mawe. Hakuna mtu aliyekuwa na baridi, basi nikakaa."