Pakua Nyuma ya Pazia

Nakumbuka Jumatano moja ambayo ningependa kuisahau, mwanangu, lakini wapi! Mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi, mama mpole sana, aliketi mbele ya kompyuta niliyomtayarishia, akatazama kidogo, akafunika macho kwa viganja. "Zima, binti," akasema. "Zima, kichwa kinaniuma."

Usicheke. Haya, cheka kidogo.

Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea ukingoni, nami nilikuwa msichana wa vifungo. Ndiyo kazi yenyewe: kushona vifungo kwenye masweta ya shule, katika karakana ya Bi Zuhura kule Eastleigh. Bi Zuhura alikuwa na ulimi mkali na moyo mkunjufu. Mpwa wake alikuwa amemletea kompyuta kutoka ng'ambo, ya kisasa kwelikweli, yenye madirisha kwenye skrini na kipanya cha kusukuma kwa mkono. Ilikuja na kitabu kinene cha kufundisha kuiandikia programu. Wenzangu waliiogopa kama nyoka. Mimi nikaisogelea kila saa ya chakula cha mchana, mpaka nikaandika programu ya kuchora sweta, ili mteja achague rangi na alione sweta lake kabla uzi haujaguswa.

Bi Zuhura hakunificha. "Mwalimu anayekuja kuagiza masweta akiridhika," akasema, "mashine ni yako, na vifungo nitampa mwingine. Asiporidhika, wallahi narudisha dude hili kwa mwenyewe, nawe urudi kwenye sindano yako." Nikajiona nimeshafika.

Sasa sikiliza nilivyokosea. Kitabu kilishauri utenge sehemu ya kumbukumbu ya mashine, iwe kama karatasi isiyoonekana. Uchore humo kila kitu, ufute, urekebishe, kisha unakili picha nzima kwenye skrini kwa mkupuo mmoja. Nikasema, ya nini kujisumbua mara mbili? Tena, nikwambie ukweli, nilitaka watu waone ninavyohangaika, mshono kwa mshono. Basi kila mwalimu alipogusa kipanya, skrini ilifutika ikawa nyeupe, shingo ikaja, mkono mmoja ukaja, mistari ikaanza, na kabla sweta halijatimia, likafutika tena. Picha ilipepesa kama taa inayotaka kuungua. Hata kijana wa macho mazima angeugua, sembuse mwalimu wa watu, mama mtu mzima.

Nikaomba siku mbili. Bi Zuhura akamwandalia mwalimu chai, akambembeleza arudi Ijumaa, kisha akanigeukia. "Ijumaa, basi," akasema.

Nilikwenda nyumbani Kaloleni kwa miguu, midomo mirefu. Tulikaa chumba kimoja tukakigawa kwa pazia: mbele makochi na vitambaa alivyofuma mama, nyuma kitanda, jiko na sufuria. Siku hiyo akina mama wa kanisa walikuwa wamejaa huko mbele. Mama akanituma nipakue.

Nami kwa hasira zangu nikatoka na sahani tupu, nikaziweka mezani. Nikarudi. Nikatoka na chapati mbili. Nikarudi. Nikatoka na sufuria yenyewe, masizi na yote, nikauliza kama mchuzi utatosha. Maskini wageni! Macho yao yanakwenda na mimi, yanarudi na mimi, na mazungumzo yamekufa.

Mama akanifuata nyuma ya pazia, akalifunga, akaninong'oneza mnong'ono wa kusikika hadi kwa jirani. "Wee! Kwani wageni wamekuja kula ama kutazama mwendo wako? Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Pakua hapa hapa, sahani ijae, ndipo utoke nayo mara moja!"

Nikasimama na upawa mkononi. Kisha nikaangua kicheko, nikamkumbatia, upawa na yote, mchuzi ukamwagikia leso yake. "Huyu mtoto amepatwa na nini jameni?" akauliza.

Alhamisi nzima niliandika programu upya, kama kitabu kilivyosema na kama mama alivyosema. Ikafanya kazi vizuri ajabu. Laiti ningeiacha hivyo! Ijumaa asubuhi nikaona nirembeshe vifungo vya kwenye picha, mazoea ya kazi hayo, na wala sikuijaribu tena.

Mwalimu akaketi. Akachagua rangi ya maruni, mistari ya njano. Skrini ikabaki nyeupe. Tukangoja. Nyeupe. Bi Zuhura akaanza kunong'ona "Astaghfirullah." Nikaanza kusikia ile sindano ikiniita. Nikasoma programu yangu kutoka juu, ndipo nikaona. Sweta lilikuwa limechorwa lote, tena zuri, kule kusikoonekana. Nikirembesha vifungo nilikuwa nimefuta mstari mmoja tu, ule wa kulileta mbele.

"Mwalimu, nivumilie kidogo," nikasema. "Chakula kimeiva, ila sijakitoa."

Akacheka, akanivumilia. Nikaurudisha ule mstari. Akachagua tena, na sweta likatokea zima, shingo, mikono, mistari na vifungo vyake vitano. Akajaribu kijani. Likatokea zima. Buluu. Zima! Akasahau hata chai yake ikapoa, anachezea rangi tu na kutabasamu. Bi Zuhura hakunipongeza. Aligeuka, akawapazia sauti wenzangu: "Nani hapa anajua kushona vifungo vizuri?"

Nililia, mwanangu. Sioni haya kusema.

Basi nikuambie. Unapojifunza jambo, kosea nyuma ya pazia. Futa, rudia, ungua vidole huko huko. Hakuna aliyekuja kutazama vitunguu vikikatwa. Usitake sifa kabla ya sahani kujaa. Lakini pazia nalo lisikuzoeshe woga. Nimewajua watu wenye kazi nzuri kuliko yangu, waliokaa nyuma wakiongeza chumvi, wakiongeza chumvi, mpaka wageni wakaenda zao. Mficha uchi hazai. Kikiiva, kitoe, hata kama bado unaogopa.

Mungu akupe pa kujisitiri unapokosea, akupe na mkono wa kulifungua pazia saa ikifika, na akukutanishe na mgeni mwenye subira kama yule mwalimu wangu.