Samaki Waliozama mu Mayi

Mwaka wa 1956 Marcellin alikuwa mupiga kasia wa muzungu mumoja aliyepima mayi ya ziwa hapa Bukavu kwa chupa iliyofungwa kamba. Kazi yenyewe ilikuwa kupiga kasia, kunyamaza na kusema "oui", yaani ndiyo, na Marcellin aliyaweza yote matatu. Kilichomnyima usingizi ni Georgette, binti wa maman Emérence, maana maman alisema wazi:

"Mukwe wangu ataniletea tilapia kumi na mbili zenye kuruka. Za kufa, hata sokoni ziko."

Marcellin akavua kumi na mbili, akazitia mu kitunga chenye kifuniko, akafunga jiwe na kamba ndefu, akakishusha mpaka chini kabisa, pale mto Kawa unapoingia ziwani. Chini hakuna mwizi, alijiambia.

Mvua ikanyesha siku sita. Siku ya saba vyura walibisha hodi kwa maman Emérence kuomba fasi kavu. Akawapa chini ya kitanda. Kawa nayo ikamwaga mayi nyekundu juu ya ziwa.

Jumamosi maman alikuja ukingoni na kiti chake. Marcellin akavuta kamba. Zote kumi na mbili zililala ubavu, bila kidonda.

"Zimekufa na nini?"

"Zimezama, maman."

Maman alitoa kiko mdomoni.

"Nimezaa saba, nimezika mabwana wawili. Samaki kuzama mu mayi, leo ndiyo ya kwanza. Sema tu ulitia sumu. Miye sitoi mutoto kwa mutu wa sumu."

Marcellin akaiona ndoa yake inakwenda na mto.

"Ngoja, maman. Muzungu alipima: mayi ya ziwa iko na chumvi kidogo, iko zito. Ya Kawa iko nyepesi, inalala juu yake kama blanketi. Mupepo wa kupumua haupiti tena. Kule chini majani na matope inaoza, inamaliza mupepo yote iliyobakia. Na samaki inapumua."

"Na pua gani?"

 Marcellin alivua tilapia mbili. Moja aliining'iniza mu kitunga karibu na juu. Nyingine akaishusha chini mu kitunga kingine.

"Usiguse kamba," maman alisema. "Niko naangalia."

Alikaa pale saa nne nzima bila kupepesa jicho. Ndege mumoja alianza kujenga kiota mu kitambaa chake cha kichwa. Kisha vitunga vikatoka. Tilapia ya juu iliruka, ikampiga maman shavuni kwa mkia. Ya chini ilikuwa imelala ubavu, imekufa.

"Ile ya chini, kula."

Marcellin akaichoma, akaila yote, na kichwa. Maman akamwangalia kama atakufa. Hakufa. Jua likashuka, bado hakufa.

"Bon," maman alisema, akipangusa shavu. "Lete zingine kumi na moja. Hii moja imeshanisalimia. Na kitunga ukining'inize karibu na juu, Marcellin. Usinizamishie tena samaki mbele ya watu."