Mama Nilimficha Jina, Langu Nikaliacha Kwenye Jalada

Admin, nifiche vizuri na kijiji usikitaje, maana huku wilayani Butiama watu wanatambuana hata kwa kikohozi. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, nasoma masta ya sheria Ulaya kwa udhamini. Nimekuja nyumbani kufanya utafiti, wiki ijayo natakiwa niwasilishe tasnifu, na nimebanwa kila upande.

Niwaeleze kwanza nilivyozaliwa. Bibi yangu hakujaliwa mtoto wa kiume, na kwa mila yetu mwanamke wa namna hiyo anawezaga kutoa ng'ombe akaoa mwanamke mwenzake, amzalie watoto wa kuendeleza mji wake. Tunaita nyumba ntobhu. Huyo aliyeolewa ndiye mama yangu. Msianze maneno, hawaishi kama mke na mume; mama alizaa na wanaume wa nje, ila sisi watoto ni wa bibi. Na bibi ndiye aliyenilea, akanisomesha sekondari Bunda, na nilipopata chuo akauza mitamba yake nipate nauli. Nampenda mno.

Siku ya kwanza chuoni walitukusanya sisi wanafunzi wa kutoka nje wakatushauri: msikae kimya darasani, gongeni milango ya maprofesa, andikeni kitu ambacho mwenzako hawezi kukiandika. Mimi na kiherehere changu nikayashika kama katekisimu. Nikagonga mlango mpaka profesa akanizoea. Nilipomsimulia habari ya kwetu akasema, "Hiyo ndiyo tasnifu yako. Kamhoji mama yako."

Nikaja. Nikamtoa mama nyumbani kwa kisingizio cha kwenda kupima macho Musoma, tukakaa karibu na ziwa na sato wetu wa kukaanga, nikamsomea fomu ya ridhaa, akasaini. Nilidhani atanipa maneno mawili matatu. Weee! "Nilitoroka mara mbili kurudi kwetu," aliniambia, "na mara mbili baba akanirudisha, kwa sababu kaka yangu alishaoa kwa ng'ombe wa bibi yako. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nataka. Wewe ndiye wa kwanza." Nililia mpaka mwenye mgahawa akaja kuuliza kama nimekwamwa na mwiba.

Nikayaandika yote, na mwishoni nikasema mila hiyo ikomeshwe. Mama nikampa jina la uongo, nikajiona mwanasheria kwelikweli. Nikamtumia profesa kwa barua pepe, akasifia sana, akasema kazi itawekwa kwenye tovuti ya chuo, na kwamba bila maneno ya mama haina uzito. Juzi ndipo akili ikanirudia: jina langu kamili liko kwenye jalada, na kijijini kwetu nyumba ya namna hiyo ni moja tu. Mjinga kama mimi hayupo.

Bibi naye ameshasikia kwamba nimeandika habari za mji wake. Kaalika katekista na mwalimu mkuu waje Jumapili baada ya misa, mimi nisome, mwalimu asaidie kutafsiri. "Wazungu wamesikia habari zangu, na mimi nisisikie?" anasema huku anacheka, na jogoo ameshamtenga. Nikamkimbilia mama nikamwambia bora niyafute maneno yake. Alikuwa anapepeta mtama, akasimama. "Ukifuta, usiniulize kitu tena maisha yako yote." Nikamwambia, mama, bibi akisikia je? "Atanifukuza. Nitaondoka bila wadogo zako, maana watoto ni wake." Kisha akaendelea kupepeta.

Nyie mnaojua sheria, msiniletee vifungu, vifungu ninavyo. Jumapili ni keshokutwa. Leo bibi ameninunulia kitenge cha kuvaa siku hiyo, ananiita wakili wake mbele ya majirani, na mimi nashindwa hata kumtazama usoni. Nikiyaacha maneno ya mama yabaki, namfukuzisha mama na kumvunja moyo mwanamke aliyenilea. Nikiyafuta, na mimi nakuwa mmoja wa waliomrudisha. Ndugu zangu, nishaurini: Jumapili nisome nini?