Saa Iliyosema Mama ni Mzima

Mwaka ule nilikuwa nimechoka kiasi cha kusinzia nikiwa nimekaa kazini. Kazi yangu ni ya ofisini hapa Bukoba, mafaili na mihuri, na mama yangu anaishi peke yake Kamachumu, kwenye kibanja alichoachiwa na baba, migomba na mibuni hadi mlangoni. Daktari alikuwa amemwambia moyo wake umechoka, na mapigo yake yaangaliwe kila siku. Ayaangalie nani? Mdogo wangu yuko Dar es Salaam, na kipaji chake ni kutoa ushauri. Nikabaki mimi.

Huyo mdogo wangu ndiye aliyetuma saa. Ilikuwa nyeusi, ya kuvaa mkononi, ina laini yake ya simu, na kwa chini ina kitaa cha kijani kinachomulika ngozi na kuhesabu mapigo. Mimi nilitakiwa tu kufungua simu yangu pale mezani ofisini, nimwone mama: mapigo, hatua, hata kalori alizotumia. "Dada, sasa utapumzika," akaniambia. Nikamwamini, maana mtu aliyechoka huamini upesi.

Wiki ya kwanza, saa nne asubuhi, simu ikaonyesha mapigo mia moja hamsini na nane. Niliomba ruhusa, nikapanda hiace, nikashukia Kamachumu, nikachukua bodaboda, nikaingia uani mbio. Mama alikuwa amekaa jikoni anamenya ndizi za mchana.

"Mwanangu, nani amekufa?" akauliza.

Nikamshika mkono. Amekonda sana mama yangu. Mkanda ulikuwa umefika tundu la mwisho na bado saa inacheza kwenye kifundo. Aliivaa mkono wa kulia, ule wa kisu. Kila kisu kikishuka kwenye ganda, saa ilidhani ni moyo. Nikamhamishia mkono wa kushoto, nikanywa uji, nikarudi kazini kuulizwa nilikokuwa.

Wiki iliyofuata saa ilitangaza kwamba mama ametembea hatua elfu kumi na mbili na kutumia kalori za mtu anayelima kutwa. Nilimpigia kumgombeza, nikakuta watu wa jumuiya ya kanisani walikuwa kwake, amekaa kwenye mkeka muda wote, wanaimba na kupiga makofi. Siku aliyopalilia kweli tangu asubuhi, saa ilisema amekaa tu. Kisha yakaja mapigo arobaini na moja. Nikapanda tena hiace, nikamkuta amelala usingizi wa mchana, mkono chini ya shavu, saa imegeukia juu inamulika shuka. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Mwongo huyu mimi ndiye niliyekuwa namtembelea njia yake, na haikuwa fupi hata kidogo.

Mara ya tatu simu iliandika kwamba saa haijavaliwa. Nilipiga mara nyingi hadi mama akapokea, anatweta, ametoka mbio migombani. Alikuwa ameivua kwa sababu ya utomvu. Utomvu wa ndizi ukishika kitu hautoki, na nani atapaka utomvu kitu kilichotoka Dar es Salaam? Nilimfokea. Nilimfokea kwa Kihaya, ambacho kwangu ndicho kinachouma zaidi. Nilimwambia, "Usiivue tena! Ukiivua, mimi huku nakufa."

Hakuivua tena. Au ndivyo simu ilivyosema.

Zikaja wiki tatu ambazo sijui nizieleze vipi bila kuona aibu. Asubuhi sabini na moja. Mchana sabini na mbili. Jioni sabini. Nilianza kula chakula cha mchana kama watu wengine. Nilimpigia simu nikiwa nimetulia, tukaongea habari za senene na nani ameoa. Jumapili ya kwanza sikwenda Kamachumu, ya pili sikwenda, ya tatu niliteremka ziwani, nikakaa kwenye nyasi peke yangu bila kufanya chochote. Mtu makini angejiuliza, mwanamke mzee anayepandisha ndoo ya maji kutoka chemchemi, moyo wake hauvuki vipi sabini na mbili? Sikujiuliza. Namba ilikuwa nzuri na mimi nilikuwa naihitaji.

Wiki ya nne akanipigia jirani yake, mjane mwenzake, ambaye huwa hapigi simu ovyo.

"Njoo umwone mama yako. Miguu imejaa, na hawezi kumaliza neno bila kupumzika."

Nikatazama simu yangu nyingine, ile inayoletewa habari na saa. Sabini na moja. Mungu anisamehe, nilianza kumbishia. "Lakini mimi huku naona mapigo yake ni mazuri," nikasema.

"Waitu, mwanetu," akajibu, "mimi niko naye hapa."

Nilimkuta ameegemezwa mito, mdomo umebadilika rangi, mkono mtupu. Nikaingia jikoni kutafuta maji ya kumpa. Palikuwa na kikapu cha ndizi mbichi, na kwenye ndizi moja nene, iliyo sawa kabisa na kifundo cha mama, saa ilikuwa imefungwa vizuri, imebana, kitaa cha kijani kinawaka. Nilisimama pale nikaiangalia ikihesabu. Sabini na moja. Sabini na mbili. Ndizi ile ilikuwa na moyo mzuri kuliko sisi sote mle ndani.

Tulikodi gari hadi hospitali ya Rubya, jirani amempakata kichwa, mimi nimeshika miguu iliyovimba hata kidole changu kikaacha shimo. Muuguzi hakuuliza habari ya saa yoyote. Aliweka vidole viwili kwenye kifundo cha mama, akatazama ukutani dakika nzima, akarudia. Moyo ulikuwa unakimbia zaidi ya mia na thelathini, unaruka, unasimama, unakimbia tena.

"Amekuwa hivi tangu lini?"

Nikasema sijui.

"Ni nani anayemwangalia?"

"Mimi," nikasema.

Dawa zilimkubali. Siku ya tano uvimbe ulikuwa umeshuka, amekaa kitandani anakula matoke niliyompikia, anayalalamikia chumvi. Nikaona sasa naweza kumuuliza bila hasira.

"Mama, kwa nini ndizi?"

Akacheka kidogo. Alisema ilianza na utomvu. Alitaka kumenya, akakumbuka nilivyofoka, akatafuta kitu cha kuivalisha kwa muda. Aliona taa inawaka, na mimi sikupiga simu. "Nikasema, kumbe inaridhika."

"Sasa ulipomaliza kumenya, kwa nini hukuivaa tena, ukabaki kubadilisha ndizi?"

Aliweka kijiko chini.

"Mwanangu, zamani ukinipigia, kabla hujanisalimu, unashusha pumzi. Kila siku. Nilikuwa nakusikia. Tangu niivalishe ndizi ukaacha. Ulikuwa unaongea vizuri, siku moja ukacheka. Nikasema, wacha mtoto apumzike."

Nilitaka kukana. Nilitaka kumwambia hajawahi kunichosha hata siku moja, kwamba ni kazi, ni barabara, ni saa ile ya kipumbavu. Nikafungua mdomo nimjibu, na kabla neno halijatoka, nikashusha pumzi.

"Ndiyo hiyo," mama akasema.